Meza ya Watu Kumi na Sita

Jumapili, 30 Novemba

Majilio ya kwanza. Baba hakwenda kanisani. Miguu imevimba tena, viatu haviingii. Daktari kule Same mjini alishasema moyo umepanuka, tujiandae. Mama alilia njia nzima ya kupanda kurudi Vudee.

Baada ya chakula cha mchana Baba katoa neno moja tu, mbele yangu, Mama, na mke wangu Yudith. Krismasi hii anataka ale na wanawe wote, pamoja, mara moja. Baada ya hapo Mungu akimwita ataitika. Mimi nilikuwa nimepakata sahani, maana nyumba ya wazazi ina kimeza kimoja na hicho kimekaliwa na redio na Biblia. Nikatazama huku na huku. Mama kapakata. Yudith kapakata. Baba mwenyewe, mtu aliyefungua na kufunga maji ya ndiva, bwawa la kumwagilia la kijiji hiki, tangu sijazaliwa, kapakata sahani kama mtoto! Aibu ikanishika.

Nitamtengenezea meza. Ndefu, ya mbao nzito. Ningependa mninga, lakini itakuwa ya mgrevilea, kwa kuwa mgrevilea ninao nyuma ya choo. Futi nane.

Nimemwambia Yudith. Kaniuliza Baba ametaja meza saa ngapi, mbona yeye hakusikia. Halafu kanikumbusha mizinga ya nyuki, banda la sungura, na ule mwaka wa tangawizi. Nyuki walihama wenyewe. Mimi siwezi kuwajibika kwa maamuzi ya nyuki.

Jumanne, 2 Desemba

Mti umeangushwa. Umeanguka vizuri sana, isipokuwa choo. Bati mbili tu. Vijana wa msumeno wa mafuta wamepasua mbao safi, pana, za futi kumi. Nimezipanga karakanani, yaani chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka mahindi. Yudith anauliza mahindi yaende wapi. Maswali hayaishi.

Jioni mdogo wangu Melkizedeki kapiga simu kutoka Dar es Salaam. Amesikia habari za meza. Kasema nisijisumbue, yeye ataleta ya dukani. Juu kioo, miguu ya chuma, inakuja ndani ya boksi na kufungwa kwa spana ndogo. Kaniuliza yangu itakaa watu wangapi. Nikasema kumi na wawili. Akasema hata yake.

Yangu sasa ni futi kumi, watu kumi na wanne.

Mama kaja mlangoni kusema Baba ananingoja tule makande. Nikamwambia waanze, niko kwenye vipimo.

Alhamisi, 4 Desemba

Mbao ni mbichi. Nikipitisha randa, maji yanatoka. Nikiziacha hivi zitajikunja, na fukusi watazila kabla ya wageni.

Dawa naijua. Wazee walikuwa wanaloweka nguzo majini, utomvu unatoka wote, halafu zinakauka upesi. Ila maji ya kufunika mbao za futi kumi yako wapi? Vuli imegoma. Mto wa bondeni umebaki wa kunywesha kuku. Maji yapo ndani ya ndiva tu. Yanaingia usiku kwa mfereji, asubuhi mwenye zamu anachomoa kizibo na kumwagilia shamba lake.

Sheria za ndiva nimekwenda kuzisoma upya, zimebandikwa ofisi ya kijiji. Haziruhusiwi nguo, mifugo, wala watoto. Nimesoma mpaka chini kabisa. Mbao hazikutajwa! Na sheria hizo alizitunga Baba mwenyewe. Angetaka kukataza mbao angeandika.

Yudith katumwa tena kuniita kula. Nikasema kesho.

Jumamosi, 6 Desemba

Mbao ziko majini. Nimezishusha alfajiri ukungu ukiwa umetanda, nimezifunga kwa kamba ya katani na kuzizamisha kwa mawe. Hakuna aliyeniona, na leo na kesho hakuna zamu ya maji. Yudith nimemwambia nimezipeleka kwa rafiki. Kauliza rafiki gani. Nikatoka nje.

Kesho ni Jumapili, siku ya mapumziko. Moyo wangu umetulia. Sijui kwa nini watu wanasema mimi simalizi mambo.

Jumatatu, 8 Desemba

Siku mbaya.

Zamu ya leo ilikuwa ya jirani yetu Jenifer, yule mjane wa shamba la maharage chini ya ndiva. Kachomoa kizibo, maji yakatoka kidogo, yakakatika. Mbao zangu mbili zilikuwa zimekatika kamba na kuvutwa mpaka kwenye tundu, zikaliziba kabisa. Jenifer kaenda kutafuta msaada. Huku nyuma mfereji unaendelea kuingiza maji. Ndiva ikajaa, ikamwagika, halafu ukuta wa udongo ukaachia ubavuni. Maji yote yakashuka kwa mpigo. Yamepita na nusu ya maharage ya Jenifer.

Nilipofika kijiji kizima kimesimama pale. Na mbao zangu zimelala juu ya maharage, moja moja. Na juu ya kila ubao nilikuwa nimeandika kwa penseli nene ya fundi: LOTH, JUU. Elirehema, mwenyekiti wa kamati ya maji, kasoma kwa sauti. Akageukia ubao wa pili, akasoma tena, kana kwamba kuna mtu hakusikia.

Niliuliza kwa nini bwawa halikukaguliwa kabla ya kufunguliwa. Hawakulipenda swali.

Uamuzi: nitoe mbuzi, nimpandie Jenifer maharage upya, na Jumamosi ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kujenga ukuta. Kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Mimi niwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Baba amesimuliwa kitandani. Hakugomba. Kajigeuza akatazama ukuta. Iliniuma sana, afadhali angenitukana. Baadaye, bila kugeuka, kauliza kama nimekula. Nikasema sina njaa.

Jambo jema: mbao zimesafishika vizuri mno.

Alhamisi, 11 Desemba

Nakausha mbao juu ya mafiga jikoni kwa moshi. Yudith kahamishia upishi wake kwa Mama. Anakula huko huko. Anasema Baba kila jioni anauliza Loth yuko wapi, na yeye anajibu niko na meza. Vizuri, Baba ajue ninavyomhangaikia.

Melkizedeki kapiga simu. Anajua yote! Dada yetu Honorata anaishi Same mjini na habari zinamfikia kabla hazijatokea. Melkizedeki alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena kasema meza yake inavutwa katikati na kurefuka, watu kumi na wanne bila kubanana.

Sawa. Yangu futi kumi na mbili, watu kumi na sita. Mbao ni za futi kumi, lakini nitaunga.

Yudith kanihesabia kwa vidole: sisi wote na watoto wetu na wakwe hatufiki kumi na watatu. Nikamwambia wageni hawapigi hodi kwa mahesabu.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Naandika tu ilivyo.

Leo ni msaragambo, na leo hiyo hiyo ndiyo siku pekee ya kugandisha. Klampu nimeazima kwa fundi wa usharika, anazitaka leo. Gundi ikishachanganywa haingoji mtu. Nikafanya mpango. Baragumu lilipolia nilikuwa tayari ndivani, wa kwanza kabisa kama walivyotaka. Nikawasalimia wazee wote, mmoja mmoja, shikamoo za kusikika mpaka ng'ambo. Nikamkoholea Elirehema ili anione. Kisha nikaenda upande wenye majani marefu, nikachomeka jembe langu kwenye tope, nikalivalisha koti na kofia yangu. Kwa mbali ni mimi kabisa. Mimi nikipumzika. Nikashuka nyumbani kwa njia ya migomba.

Gundi ilishika vizuri ajabu.

Haya yafuatayo nimeambiwa. Kamati ilisoma majina mara ya pili. Wakaita Loth. Wakaita tena, kwa nguvu, na kofia yangu ikaanguka. Nyumba ya wazazi haiko mbali na ndiva. Baba alisikia jina langu likiitwa na haliitikiwi. Akaamka. Akavaa mabuti aliyoyachana ubavuni kwa ajili ya ule uvimbe, akachukua jembe lake, akapanda. Mama alimshika nguo, akamwomba, hakumsikia. Alipofika akamwambia Elirehema aandike kuwa nyumba ya Loth imetoa mtu.

Walijaribu kumzuia. Lakini kanuni ya kila nyumba mtu mmoja ni yake, na wengi wao ndiye aliyewafundisha kushika jembe. Akasimama ndani ya tope lile la baridi, akalima kidogo. Kisha akakaa chini humo humo.

Niliwakuta wanaingia naye uani, wanaume sita wamembeba. Nilikimbia kumpokea. Mikono yangu ilikuwa imejaa gundi, vidole vimeshikana, Elirehema akaniambia nisimguse. Hakuna aliyenisalimia.

Nani alimwambia aende? Nimeuliza.

Kisha kwa desturi ya mtoro wa msaragambo wakachukua kitu cha rehani mpaka nilipe siku yangu. Wangeweza kuchukua kuku. Wamechukua randa langu kubwa!

Jumanne, 16 Desemba

Baba anakohoa. Tulimshusha Same jana, tukapanda naye leo. Maji yameingia kifuani. Wamempa dawa, wametuambia tukae naye karibu. Mama haongei nami. Jenifer kaja na uji. Jenifer, wa yale maharage! Sikujua nitazame wapi, nikatazama uji.

Yudith kasema Baba anataka nikae naye kidogo. Nikaenda. Kanishika mkono, akapapasa yale magamba ya gundi, akatabasamu. Nikamweleza meza ilipofikia. Futi kumi na mbili! Watu kumi na sita! Kauliza nimekula nini leo. Nikasema nitakula. Akasema kuna ndizi, Mama amepika, tule sote. Nikamwambia ngoja nimalizie ukingo mmoja nakuja.

Ukingo bila randa si kazi ya mchezo. Natumia panga na kipande cha chupa. Nilipomaliza walikuwa wameshalala.

Jumamosi, 20 Desemba

Meza imejikunja. Kingo zimenyanyuka, katikati imezama. Nimeweka yai upande mmoja, likabingirika lenyewe hadi katikati likatulia. Nimejaribu mawe, maji ya moto, na kuilaza kifudifudi juani. Haikubali. Nimeamua iwe ndiyo ubunifu wake. Mchuzi ukimwagika hautamchafua mtu.

Yudith kaja kusema Baba anaomba nimbebe mpaka barazani, akaone ndiva inavyojaa upya. Nikasema kesho, leo vanishi imeanza kushika. Baadaye nikamwona Elirehema anamtoa nje, kamkumbatia kifuani, na yule mzee amekuwa mwepesi mno. Walikaa pale muda mrefu. Nilipata wivu. Naona aibu kuuandika, lakini niliupata, na vanishi ikaingiwa na nzi.

Jumatano, 24 Desemba

Wamefika! Melkizedeki na familia yake, na Honorata na mumewe. Boksi la Melkizedeki lilifungwa juu ya gari. Barabara ya kupanda kwetu ina makorongo yake. Kafungua boksi uani, kioo chote ni changarawe. Nilimpa pole. Nilimsaidia kuokota vipande kwa moyo wote, nikawa naimba nyimbo za Krismasi.

Tukaitoa yangu. Inataka wanaume wanane. Nilipita nyumba za jirani kuomba mikono. Wote wana shughuli. Basi mimi, Melkizedeki, shemeji na wanawake wetu. Tumeifikisha katikati ya uwanja, mvua ikafungulia. Wiki zote hizo haikunyesha! Tumeiacha hapo, nimeifunika turubai.

Baba hawezi tena kukaa. Akiinuliwa pumzi inakatika. Honorata kalia. Melkizedeki katoka nje, kasimama kwenye mvua bila kofia.

Alhamisi, 25 Desemba

Asubuhi mvua ilikata. Nikaona mkono wa Mungu. Nikafuta meza, nikapanga sahani kumi na sita, tano za kuazima kanisani. Upande mmoja wa ardhi umetitia kwa mvua, meza imelala kama inasikiliza kitu. Nikaanza kutafuta mawe bapa ya kutegemeza miguu.

Honorata kasema chakula kitaliwa chumbani kwa Baba. Nikasema haiwezekani, meza iko tayari, aletwe na godoro lake. Wakasema hatafika hai. Nikasema basi nipeni muda kidogo niisawazishe, huenda akipata nguvu. Waliingia ndani na vyombo. Nilisikia wanaimba. Melkizedeki alitoka kuniita. Akatoka tena, sauti imebadilika, akasema Loth, kaka, njoo jinsi ulivyo. Mara ya tatu alisimama tu mlangoni. Nilikuwa nimebakiza mguu mmoja.

Nilipoingia walikuwa wamekaa kila mahali, kitandani, sakafuni, juu ya magunia ya mahindi, wote wamepakata sahani. Tupu. Wamekwisha kula. Baba amelala. Kwenye kigoda kulikuwa na sahani yangu, imefunikwa na nyingine. Mama alinitazama kwa mara ya kwanza tangu ule msaragambo. Kasema Baba aliishika hiyo sahani kifuani mwake mwenyewe, akawakataza wasianze kula mpaka nije, mpaka mikono ilipochoka.

Nilikula pale pale, imepoa. Nililia. Melkizedeki akanishika bega. Kwa upande mwingine, meza ilikuwa imenyooka kabisa.

Jumanne, 30 Desemba

Baba alifariki Jumamosi asubuhi. Leo tumemzika.

Baragumu lililia na kijiji chote kikaja kuchimba kaburi. Nami nilichimba, tangu mwanzo hadi mwisho, sikuacha jembe. Mchungaji alisema mengi kuhusu maji. Sikusikia vizuri, masikio yalikuwa yamejaa.

Sufuria za msiba zimepangwa juu ya meza yangu. Imezibeba zote. Zimesogea zenyewe katikati, lakini imezibeba. Watu walichota wakaenda kukaa kwenye nyasi.

Kabla ya kuondoka Elirehema kanirudishia randa langu. Kaliweka mkononi mwangu, akashika njia. Nadhani amekubali kazi yangu. Ningependa Baba aone hilo.

Jumamosi, 3 Januari

Wageni wameondoka. Melkizedeki kamwomba Mama wakakae Dar es Salaam, kakataa. Nyumba kimya. Nikipita naona mabuti ya Baba barazani, hakuna anayethubutu kuyaondoa. Namkumbuka mpaka kifua kinauma.

Leo Mama kaniita. Kaongea nami taratibu, kama zamani. Anasema mchana anaweza, ana kuku na shamba, ila saa ya chakula cha jioni ndiyo inamshinda. Anapakua sahani mbili, kisha anakumbuka. Ameniomba kitu kimoja tu, niwe nakwenda kula naye jioni.

Nikatazama chini, machozi yanakaribia, na hapo ndipo nikaona. Vyombo vyake viko ndani ya beseni. Sakafuni! Mjane wa mtu kama yule, sahani zake ziko chini na kuku wanapita! Tumeishije hivi miaka yote na hakuna aliyeona?

Kabati. La kwenda mpaka darini, milango minne, na droo za vijiko. Mgrevilea wa pili upo karibu na jiko, mnene kuliko ule. Randa ninalo. Safari hii nitaanza na milango.

Yudith kaja kusema Mama amepakua, ananingoja. Nimemwambia amwambie aanze tu, niko kwenye vipimo.